Vipimo vya Damu vya Mama Spika

Mji mzima ulimjua kwa masikio. Sura yake watu wangepishana nayo njiani bila hata kugeuza shingo, lakini akifungua kinywa tu kuuliza bei ya vitunguu, muuzaji alisahau kumjibu akamuuliza yeye, "Kumbe ni wewe! Haya, ya saa nne imeshaingia?" Maana ndiye aliyetangaza treni pale stesheni, miaka nenda miaka rudi, kwa sauti nyembamba, safi, iliyopenya ngurumo za injini na vilio vya watoto ikakufuata hadi chooni ulikokuwa. Wakambandika jina la Mama Spika. Mwanamke mwingine angenuna. Yeye alilipokea kwa mikono miwili, akatembea nalo kifua mbele.

Basi sauti hiyo ikaanza kushuka.

Haikushuka kwa siku moja, ingekuwa hivyo angesema ni mafua. Ilishuka polepole, ngazi kwa ngazi, kama bibi anayeogopa kuteleza. Kwanza lile neno "abiria" la kufungulia tangazo likaanza kukwama. Kisha majina ya vituo yakawa yanatoka na mkwaruzo. Ikafika asubuhi moja akatangaza treni ya kaskazini, na msafiri mmoja akaja dirishani kwake, kofia mkononi, kwa heshima zote, akauliza, "Samahani kaka, yule mama yuko likizo?"

Kaka! Mama Spika alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akagundua kwamba machozi yale si ya kicheko peke yake.

Ajabu ni kwamba hakuwa mgonjwa. Tangu ujana wake hajapata kujisikia vizuri namna ile. Aliamka kabla saa haijalia. Kabati la nguo, lile ambalo mumewe na jirani walilibeba siku ya kuhamia huku wakilaumiana njia nzima, alilisukuma peke yake kutoka ukuta huu hadi ule ili aone tu lingependeza wapi, kisha akalirudisha lilikokuwa. Chakula alikula chake akamalizia cha mumewe. Mambo ya chumbani tuyaache, maana mumewe ni mtu wa haya, ila itoshe kusema kwamba fundi seremala yule siku hizo alikuwa akiingia karakana yake asubuhi akipiga mluzi.

Lakini lilikuwapo jambo jingine, na hilo Mama Spika hakumwambia kiumbe yeyote. Kidevu. Ulianza unywele mmoja, akaucheka. Ukaja wa pili, akaung'oa. Kisha zikaja kwa makundi, nyeusi, ngumu, hazina adabu, na mtangazaji wetu akawa anajifungia katika choo cha wafanyakazi pale stesheni na wembe wa mumewe uliozungushiwa leso. Hedhi nayo iliacha mpangilio wake ikawa kama treni ya mizigo, ikija imekuja.

Mkuu wa Stesheni alikuwa mtu mwema aliyewaogopa wanawake wote isipokuwa mama yake. Siku aliyomwita ofisini, alizungumza naye huku ameikazia macho kalenda ya ukutani.

"Mama, huko juu wanataka kutuletea mashine. Inatangaza yenyewe. Sauti wameshainasa, ya mwanamke mmoja sijui wa wapi, inasoma treni zote bila kunywa maji. Mimi niliwaambia hatuihitaji, tunaye wetu. Lakini sasa abiria wanalalamika. Juzi watu wameachwa na treni, wanasema walikuwa wanakungoja wewe, hawakujua kwamba yule mwanamume ni... ni..."

"Ni mimi."

"Ndiyo. Sasa nenda hospitali, Mama. Mwisho wa mwezi ujao watu wa mashine wanakuja na ngazi zao. Ukiwa umekaa sawa nitawarudisha. Usipokaa sawa, kuna nafasi kule kwenye mizigo."

Alitoka mle ofisini. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alipobonyeza kile kitufe chekundu, watu waliokuwa wakigombeza watoto, wakimwaga chai, wakiagana kwa kukumbatiana, wote walinyamaza wakainua vichwa kumsikiliza yeye. Kwenye mizigo angemsikiliza nani, magunia?

Nyumbani kwao hakuna jambo lililowahi kuamuliwa na mtu mmoja. Jioni ile ile kikao kikaitishwa jikoni. Alikuja dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule, mwenye pini mdomoni hata akiwa hashoni. Alikuja wifi yake, dada wa mumewe, muuza viatu, ambaye alikuwa na simu kubwa na imani kubwa zaidi kwa kila alichokisoma ndani yake. Na mwenye nyumba alikuwapo pia, Fundi mwenyewe, amekaa pembeni na kikombe chake.

Mgeni akiingia jikoni mle humwambii achukue kitu mwenyewe, maana hakuna chombo kilichobeba kile kilichoandikwa juu yake. Kopo la biskuti lina vifungo na nyuzi. Kopo la kahawa lina misumari. Chupa ya siki ina sabuni ya vyombo, na kuna mgeni aliyewahi kuimimina juu ya saladi akaila yote kwa ajili ya heshima. Maradhi hayo ni ya Fundi. Hawezi kutupa chombo chenye kifuniko kizima. Atakishika, atakizungusha, atakifunga na kukifungua, kisha atasema kwa sauti ya huruma, "Kifuniko kizuri hiki," na chombo kitapata kazi mpya.

"Nimeshasoma yote," wifi alifungua kikao. "Ni homoni."

Neno lile lilipotajwa chai ilimpalia Fundi. Akakohoa mpaka dada mtu akampiga mgongoni.

"Pole, shemeji. Homoni gani sasa?"

"Kortisoli," alisema wifi akitelezesha kidole juu ya simu. "Homoni ya mawazo. Wifi yangu ana mawazo."

"Mawazo ya nini? Mdogo wangu amefikia ukomo wa hedhi, basi. Mama yetu naye alianza hivi hivi, akawa anafungua madirisha usiku kucha."

"Lakini mama hakuwahi kuitwa kaka," alisema Mama Spika, kwa sauti iliyofanya vijiko vitetemeke.

"Basi tuombe na prolaktini. Na thairoidi, hii ni tezi ya hapa shingoni. Na insulini. Na hii nyingine hapa siwezi kuitamka, lakini inaonekana ya maana sana." Wifi alikuwa amenoga. "Tunaenda maabara tunawaambia hizi zote. Kuna na testosteroni, lakini hiyo ni ya wanaume, hiyo tunairuka."

"Iruke!" alisema Mama Spika.

"Iruke!" alisema Fundi, wakati ule ule.

Mke na mume wakatazamana, kila mmoja akijiuliza mwenzake ana haraka ya nini. Kisha Fundi akakumbuka kwamba ameacha gundi motoni huko karakana, akaondoka akiwa bado ameshika kikombe.

Hospitalini walienda watatu, na chumba cha daktari kilikuwa na viti viwili. Wifi alisimama. Hata kukaa asingeweza, kwa jinsi alivyokuwa na mengi ya kusema. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye tabia ya kung'oa kifuniko cha kalamu kwa meno, na aliisikiliza orodha yote ya wifi mpaka mwisho bila kumkatisha.

"Ahsante," alisema. "Sasa nikueleze. Kila kipimo ni swali tunaloiuliza damu. Ukiiuliza damu maswali rundo zima, kuna moja litajibiwa kombo hata kama mwenye damu ni mzima wa afya. Ndivyo hesabu zilivyo. Halafu tutaanza kumtibu kwa ajili ya jibu, mwenyewe tumemsahau. Kwa hiyo nataka kwanza aniambie yeye, halafu mimi na yeye tuchague machache."

Wifi akaitazama simu yake kama rafiki aliyetukanwa.

Wakaanza kuchagua. Daktari aliuliza kuhusu joto, usingizi, uzito. Alimpima shingo kwa vidole akamwambia ameze mate. Alimtazama uso, akamwuliza kama anapata michubuko ovyo au michirizi ya zambarau tumboni. Hapana? Basi kortisoli ikaachwa. Homoni za ukomo wa hedhi? Hizo kwa umri wake zinapanda leo zinashuka kesho, zingemchanganya bure. Nazo zikaachwa, na dada mtu akatoa pini mdomoni apate kununa vizuri.

"Tezi ya shingo, ndiyo. Ikilegea, sauti hukwaruza. Halafu nitapima mimba."

"Mimba!" walipiga kelele wote watatu.

"Hedhi ikivurugika mimi napima mimba, hata mtu akija na wajukuu mgongoni. Haya, tezi na mimba." Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. "Kuna lingine lolote ambalo hujaniambia, Mama?"

Hapo ndipo alipobanwa. Kujibu "hakuna" ni rahisi, angetoka pale salama, dada na wifi wangemshika mkono, na damu ingeulizwa maswali mawili yasiyomhusu. Kidevu kilimwasha. Alimfikiria yule mwanamke wa kwenye mashine, asiyekunywa maji. Alijaribu kusema kama watu wanavyosema, "Daktari, kuna kitu," na hata hayo maneno matatu yalikataa. Wifi alikuwa pale! Jambo likiingia sikio la wifi mchana, jioni soko zima la viatu linalo.

Basi alifanya jambo pekee alilojua kulifanya akiwa na hofu. Alikaa wima. Akasafisha koo. Akaweka kidole gumba juu ya meza ya daktari kana kwamba kuna kitufe pale, akabonyeza.

"Tangazo, tangazo. Wasafiri wote mnaarifiwa kwamba mtangazaji wenu ana ndevu. Narudia. Mtangazaji wenu ana ndevu. Anazinyoa kila asubuhi kabla ya treni ya kwanza, katika choo cha wafanyakazi, mlango wa kushoto. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Muuguzi aliyekuwa akipita koridoni alisimama. Mkoba wa wifi ulianguka, viatu vya sampuli vikatawanyika chini ya meza. Kisha dada mtu, ambaye maishani mwake hakuwahi kucheka mbele ya daktari, alisema taratibu, "Mlango wa kushoto," akakunja uso kama anayetaka kupiga chafya, na ikapasuka. Walicheka hata kiti kimoja kikalalamika. Daktari alifuta macho kwa kola ya koti lake jeupe. Wifi alikuwa chini akiokota viatu na hawezi kuinuka. Na Mama Spika, aliyelibeba jambo lile peke yake muda wote huo, alijisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Hebu sogea kwenye mwanga," daktari alisema alipopata pumzi. Alikitazama kidevu kwa makini, akauliza sauti ilianza lini na nywele zilianza lini, na uso wake ukawa wa kazi tena. "Umefanya vizuri sana kusema. Sasa maswali yanabadilika. Naongeza testosteroni, na homoni moja inayotoka kwenye tezi za juu ya figo, tujue kama kitu kimepanda kimepandia wapi."

"Lakini Daktari, testosteroni si ya wanaume?" sauti ya wifi ilitoka chini ya meza.

"Wanawake wote tuliomo humu ndani tunayo, kidogo. Nataka kujua kama yake bado ni kidogo, au imejipandisha cheo."

Kesho yake asubuhi alitolewa damu. Hakutazama sindano, alitazama vichupa na vifuniko vyao vya rangi, akawaza kwamba Fundi angevipenda.

Majibu alikwenda kuyachukua peke yake, na safari hii daktari hakucheka. Tezi ya shingo ni nzima. Mimba hakuna. Za juu ya figo shwari.

"Testosteroni imepanda sana, Mama. Iko walipo wanaume." Akafunika kalamu yake. "Mara nyingine kunakuwa na uvimbe mdogo kwenye ovari unaoitengeneza. Sisemi upo. Nasema tupige picha wiki hii tuone. Ila kabla ya hapo niambie, unatumia sindano yoyote, vidonge, kitu chochote cha kupaka? Kuna mtu nyumbani anayetumia dawa ya homoni?"

"Mume wangu? Yule hata kichwa kikitaka kupasuka hamezi kitu."

"Sawa. Picha basi."

"Na sauti, Daktari? Tukiupata huo... tukiupata, sauti itarudi?"

"Nywele zitapungua. Hedhi itakaa sawa. Sauti ikishashuka," daktari alisema kwa upole, "mara nyingi hairudi yote."

Aliogopa. Njiani watu walimsalimia akaitikia bila kujua ni nani, na kila hatua aliwaza uvimbe, na baada ya uvimbe aliwaza kile kitufe chekundu kikibonyezwa na mtu asiyekuwapo. Aliona aibu kwamba katika yote mawili, la pili ndilo lililomliza.

Alipofika nyumbani alimkuta Fundi bafuni, ameinua chupa ya losheni kwenye mwanga wa dirisha, anaitikisa, uso umejaa mashaka.

"Mke wangu, hivi hii chupa inavuja?"

"Ivuje kwa nini?"

"Inaisha upesi. Kila nikiiangalia imeshuka."

"Si naipaka." Alijipitishia mkono usoni, amechoka. "Kila asubuhi, shingoni na mikononi. Mafuta mazuri, yanakauka hapo hapo, hayachafui kola. Tena nilitaka nikuombe ulete chupa nyingine."

Fundi aliipeleka chupa kifuani. Rangi ilimtoka. Akatafuta mahali pa kukaa, akaiona ndoo, akakaa, na ndoo ile, katika nyumba ile yenye vifuniko kuliko watu, haikuwa na kifuniko. Makalio yakazama chwaa! Maji yakaruka mpaka kwenye kioo. Akabaki mle amekunjika, magoti juu, chupa bado ameikumbatia, na hakujaribu kutoka.

"Si mafuta," alisema.

"Ni nini?"

"Dawa. Ya... ya homoni. Ya kiume. Nilipimwa damu, wakakuta yangu iko chini kama ya mtoto wa chekechea. Wakanipa hii nipake mabegani. Nikaona haya, nikatupa boksi, na dawa nikaimimina kwenye chupa ya losheni." Akakipapasa kifuniko. "Ilikuwa na kifuniko kizuri."

Mama Spika alishika sinki. Mambo yote yalimjia kwa pamoja, kabati, wembe, mluzi wa asubuhi, "kaka" wa dirishani. Hakuna uvimbe! Miguu ilitaka kucheza, mikono ilitaka kumkaba mtu.

"Ulimwonea haya nani? Mimi?"

"Wewe ndiye hasa."

"Mimi niliyekutoa mwiba makalioni mbele ya mama yako?"

"Sikiliza." Fundi alitazama maji. "Ile siku ulikuwa unanisimulia habari za treni iliyopitiliza kituo. Ulikuwa umefika pale pazuri, nikasinzia. Ulisema, 'Stesheni nzima inanisikiliza, wewe mmoja unakoroma.' Ulisema huku unacheka, lakini mimi sikulala usiku ule. Nilikuwa nachoka, mke wangu. Nikirudi kutoka karakana mwili unakuwa si wangu. Kesho yake ndipo nilipoenda kwa daktari. Nilitaka niwe macho ukiongea."

Mama Spika aliachia sinki. Alimtazama mwanamume yule ndani ya ndoo, suruali imelowa, masikio yamelegea kwa aibu, na akaona kwamba hajawahi kupewa zawadi ya kijinga kama ile na hatapewa nyingine.

"Kwa hiyo umeniibia sauti," alisema, "ili upate kuisikiliza."

Fundi akafunika uso. Mabega yalimtikisika, na ilichukua muda kujua kama analia au anacheka, na alipofunua uso ikaonekana ni vyote viwili. Naye akaanza. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha Mama Spika akamshika mumewe kwapani kwa mkono mmoja, akamng'oa kwenye ndoo kama mtu anayetoa kizibo.

"Umeona?" alisema. "Hii dawa yako inafanya kazi."

Alimpigia daktari simu. Upande wa pili ikasikika kalamu ikianguka sakafuni. Amri zikatoka: Mama asiiguse tena dawa ile; damu irudiwe baada ya wiki chache; isiposhuka, picha. Fundi aendelee na yake, ila apake mahali panapofunikwa na nguo, anawe mikono vizuri, na dawa ikae katika chombo chake chenyewe.

"Katika chombo chake chenyewe," Mama Spika alirudia kwa sauti kubwa, akimtazama Fundi, ambaye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeapishwa.

Na damu iliporudiwa, testosteroni ilikuwa imeshuka na kukaa kwa adabu mahali pa wanawake. Kidevu kikaanza kupoa. Kabati likawa zito tena. Wifi alilieleza soko lote la viatu, kama ilivyotarajiwa, akiongeza chumvi kiasi kwamba kuna mteja alikuja kuulizia losheni ile inauzwa wapi.

Sauti haikurudi.

Siku ya mwisho wa mwezi watu wa mashine walifika na ngazi zao. Mmoja alikuwa tayari juu, bisibisi mdomoni, anafungua spika ya jukwaa la pili, na mkoba wake wa vifaa uko chini. Mkuu wa Stesheni alisimama mlangoni mwa chumba cha matangazo akiitazama kalenda isiyokuwapo.

"Nimejaribu, Mama."

"Najua. Nipe treni moja."

"Mama..."

"Moja tu. Hii inayoingia."

Mkuu hakusema ndiyo wala hapana, na kwa mtu yule hiyo ni ndiyo. Mama Spika aliketi. Kupitia dirisha aliliona jukwaa limejaa, watu wanagombana na mabegi, wengine wanakula wamesimama, na Fundi wake amesimama katikati yao, amefunga karakana saa za kazi, macho kodo. Miezi yote ile alikuwa akiibeba sauti juu kwa nguvu, akiisukuma ipande ilikokuwa zamani, na ndiyo maana ilikuwa ikipasuka njiani. Alivuta pumzi, akaiachia ishuke mpaka chini ilikotaka kukaa. Akabonyeza kitufe.

"Abiria, huyu ni Mama Spika. Ni mimi yule yule, sauti imeteremka kidogo, ila haijahama mji. Mkiisikia msinitafute likizo, nipo. Treni ya kusini inaingia jukwaa la pili. Mwenye mtoto amshike mkono. Mwenye mzigo aushike sasa."

Ilitoka nzito, pana, ya joto, bila mkwaruzo hata mmoja, na kioo cha dirisha kilitetemeka nayo. Hakuitambua yeye mwenyewe, na aliipenda hapo hapo.

Chini kule kelele zilikatika. Vichwa vikainuka, halafu jukwaa zima likainama kwa pamoja kushika mizigo. Hata yule bwana wa mashine aliteremka ngazi upesi upesi, akakamata mkoba wake wa vifaa, akapanga foleni nyuma ya mama mmoja mwenye kuku, na treni ilikuwa imeshaanza kusimama ndipo alipokumbuka kwamba yeye hasafiri.